Kambare Aliyedai Shikamoo

Maji yatulie!
— Yametulia!
Nani aliyatibua?
— Si sisi!
Basi nani?
— Mwenye tumbo lisiloshiba!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, mwachie mwenzako nafasi na yeye asikie. Hadithi ya leo inakera. Mkikereka semeni, msione haya.

Palikuwa na lambo. Lambo mnalijua, ni bwawa linalochimbwa na watu ili ng'ombe wapate maji ya kunywa. Lambo hilo lilikuwa na kina upande mmoja, na upande wa pili lilikuwa na nyasi na tope. Ng'ombe walikuja, nyapu, nyapu, nyapu, wakanywa, wakatibua, wakaondoka. Maji yakabaki na rangi ya chai ya maziwa. Ukitumbukiza mkono, vidole vyako mwenyewe huvioni.

Ndani ya chai hiyo waliishi viluwiluwi, watoto wa chura. Mama yao alitaga mayai kwenye nyasi, akasema, "Wakubwa mtawatunza wadogo," akaruka zake, chubwi! kwenda kutafuta kumbikumbi. Ndivyo walivyo vyura, tusiwaseme. Kwa hiyo kila kiluwiluwi aliyetotolewa mapema aliwalinda wadogo zake waliokuwa bado ndani ya mayai.

Mkubwa wao aliitwa Nyamizi. Alikuwa na mwili wa kadiri ya punje ya mbaazi, na nyuma ya mwili huo mkia mwembamba kama jani la nyasi. Miguu hakuwa nayo. Meno ya kumtisha mtu hakuwa nayo. Miiba hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni pua.

Na pua ya kiluwiluwi si mchezo. Kiluwiluwi mmoja akiumwa, ngozi yake ikichanika kidogo tu, hutoka harufu, nayo harufu husambaa majini kama moshi chumbani. Wenzake wakiipata hawaulizi nani, hawaulizi wapi. Hufanya hivi:

Nusa, nusa.
Shuka, shuka.
Tuli!

Hebu semeni nami. Nusa, nusa. Shuka, shuka. Tuli! Vizuri. Wanazama mpaka kwenye tope, wanalaza mikia, wanatulia. Hata pumzi wanaibania.

Na kuna jambo jingine. Aliyekula hawezi kuificha harufu ya alichokula. Akila majani ananuka majani. Akila kiluwiluwi ananuka kiluwiluwi, aoshe mdomo asioshe.

Sasa, upande wa kina aliishi Kambare. Mkubwa, mweusi, anateleza, ana sharubu ndefu huku na huku. Macho yake hayakuona mbali katika maji yale, lakini sharubu zake zilihisi kila kinachotikisika. Kikitikisika, hap! Kisipotikisika, alikipita kama anavyolipita jiwe.

Kambare alikula minyoo. Alikula konokono. Alikula samaki wadogo. Akishamaliza alisema, "Sasa tuanze kula." Akaja upande wa nyasi, swaa, swaa, swaa. Lakini kabla hajafika, harufu yake ilishafika.

Nusa, nusa. Shuka, shuka. Tuli!

Akapita huku, hamna kitu. Akapita kule, hamna kitu. Tumbo likanguruma, gurrr, akarudi alikotoka.

Angekuwa na haya angenyamaza, arudie minyoo yake. Lakini mlafi akikosa mlo huona kaonewa. Kambare akaenda kushtaki.

Mwenyekiti wa lambo alikuwa Kaa. Kaa alipenda kikao kuliko chakula. Alitembea upande, na kesi nyingi alizoziamua zilikwenda upande vilevile. Akagonga gando juu ya jiwe, ko! ko! ko! Wakaja konokono, wakaja samaki wadogo, wakaja viluwiluwi na Nyamizi mbele yao.

"Mwenyekiti," Kambare akaanza, akatikisa sharubu kwa huzuni, "mimi ni mtu mzima. Mimi ndiye mkubwa katika lambo hili."

"Ni kweli," akasema Kaa.

"Napita kwa watoto hawa. Wanakimbia! Wanajificha chini ya majani! Salamu hawanipi! Mtu wa rika la babu yao, napita kama upepo!"

Wazee wakaguna, mmmh! Konokono mmoja akasema, "Watoto wa siku hizi."

"Si wa siku hizi tu," akasema mwingine, "ni wale wa chura. Mama mwenyewe haonekani, nani awafunze?"

Nyamizi akahisi moto kichwani. Yule alikuwa analala na kuamka akiyahesabu mayai ya wadogo zake, halafu anaambiwa hana wa kumfunza! Akajitokeza.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Hatumkimbii kwa dharau. Tunamkimbia kwa sababu ananuka—"

Lo! Hakumaliza. Kikao kililipuka.

"Nani ananuka?"

"Kamwambia mzee ananuka!"

"Mwenyekiti, umesikia?" Kambare akalia. "Masikio yako yamesikia?"

"Nimesikia," akasema Kaa, naye akavimba. "Wewe binti, mtoto mwenye adabu hanusi wakubwa. Funga kinywa chako, na pua yako uifunge."

"Lakini Mwenyekiti, ananuka sisi! Ananuka ndugu zetu!"

"Kaa chini!"

"Nitakaaje chini, sina makalio?"

Samaki wadogo wakacheka, na hilo likamponza zaidi. Kaa akagonga jiwe na kutoa amri. Kuanzia siku hiyo, Mzee Kambare akipita, kila mtoto atoke alipo, atikise mkia na kusema "Shikamoo, babu." Asiyefanya hivyo atafukuzwa kwenye nyasi na mayai ya wadogo zake yatolewe yawekwe kwenye kina.

Mmesikia, watoto? Atoke. Atikise mkia. Mbele ya nani? Mbele ya yule anayekula kinachotikisika! Na wazee wazima wakapiga makofi. Haki hiyo?

— Si haki!

Si haki hata kidogo. Lakini amri imetoka, nani ataitengua?

Kesho yake Kambare akaja, swaa, swaa, swaa. Harufu ikatangulia. Mwili wa kila kiluwiluwi ukasema tuli, amri ya Kaa ikasema toka. Wakatetemeka, nusu wamo topeni, nusu wako nje.

Nyamizi alikuwa na binamu aliyeitwa Kabula. Kabula alikuwa mtiifu. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia njoo, anakuja kabla hujamaliza. Wakati wa mchezo hakuwahi kugombana na mtu.

"Kabula, tulia," Nyamizi akanong'ona.

"Dada, wamesema tusalimie."

"Tulia, nakwambia!"

"Wakiyatoa mayai je? Nitakuwa mimi nimewaponza wadogo." Kabula akatoka. Akatikisa mkia wake vizuri, kushoto kulia, kushoto kulia. "Shikamoo, babu!"

"Mara..." akasema Kambare.

Hap!

"...haba."

Harufu ikasambaa. Nusa, nusa. Shuka, shuka. Tuli. Safari hii hakuna aliyekumbuka amri.

Nyamizi alilala kwenye tope na mkia wa Kabula haukumtoka machoni, jinsi ulivyotikiswa kwa adabu. Hakuweza kulia, analiaje aliye ndani ya maji? Ila mwili wake wote ulikuwa umekunjika kwa hasira.

Akaenda moja kwa moja kwa Kaa. Kaa akamwita Kambare aulizwe. Kambare akaja, akasimama mbali kidogo, akajibu kwa upole, "Kabula? Mtoto yule mwenye adabu? Ameniaga vizuri, akasema anakwenda kuwatembelea shangazi zake mtoni."

"Umesikia," Kaa akamwambia Nyamizi. "Kaenda kwa shangazi."

"Mwenyekiti, hapa na mtoni kuna nchi kavu katikati! Kaenda kwa miguu ipi?"

"Mambo ya shangazi ni ya familia. Kikao hakiyaingilii."

Haya, mmeona wenyewe. Siku zikapita na shangazi wa mtoni wakapata wageni wengi. Akaenda mmoja, wakaenda wengine. Kila aliyetoka kusalimia alikwenda kwa shangazi.

Lakini mwili wa kiluwiluwi una siri yake. Kiluwiluwi anayeishi siku baada ya siku katika maji yenye harufu ya adui huota mkia mwingine. Hausomei, haufundishwi, unakuja tu. Mkia wa Nyamizi ukapanuka, ukawa mnene wenye nguvu, na nchani ukawa mweusi tii. Ukiutazama, jicho lako linakwenda kwenye ncha, haliendi kichwani. Yeye mwenyewe akaugeukia, akautazama, akasema, "Hmm."

Baadaye mayai yakakaribia kutotolewa. Ndani ya ute ungeviona vitu vidogo vyeusi vinapindapinda. Kambare akapata habari, na mate yakamjaa hata akasahau kuwa yumo majini. Akaenda kwa Kaa.

"Mwenyekiti, watoto hao wakianza na adabu watakuwa na adabu. Ningependa niwepo pale pale kwenye nyasi wakitoka. Salamu yao ya kwanza nipewe mimi."

"Wazo zuri!" akasema Kaa. "Tutafanya sherehe."

Sherehe! Nyamizi aliposikia alizunguka duara pale pale, mara huku, mara kule, kama aliyechomwa. Wadogo zake wasiojua kuogelea, watoke ndani ya yai mbele ya kinywa kilichofunguliwa! Na Kaa akagonge mawe kwa furaha!

Akajiambia, "Nikisema ananuka, nitaambiwa sina adabu. Basi nitakuwa na adabu. Nitakuwa na adabu mpaka wakome."

Siku ya sherehe Kambare alijiandaa. Hakuwa mjinga. Alijua akifika na harufu yake watoto wote watazama, na wale wa ndani ya mayai hawatatoka. Basi alijisugua kwenye majani ya yungiyungi. Akajaza maua ya yungiyungi mashavuni, pomoni. Halafu akafunga kinywa, akakibana kabisa.

Akaja taratibu, swaa, swaa. Viluwiluwi wakanusa. Yungiyungi. Wakanusa tena. Yungiyungi tupu. Wakatazamana, wakabaki walipo. Kidogo wengine wakaanza kutabasamu.

"Karibu, mzee," akasema Kaa. "Unanukia leo!"

"Mmm," akasema Kambare.

"Una neno la kuwaambia watoto?"

"Mm-mm."

"Amejaa hisia," Kaa akawaeleza watu. "Maneno yamemkwama."

Nyamizi akamtazama Kambare. Akatazama mashavu yaliyotuna. Akatazama ule mdomo uliobanwa. Tangu lini mlafi akafunga kinywa? Akatoka mbele ya wote, akainamisha kichwa, akatikisa mkia polepole.

"Shikamoo, babu."

"Mmm," akasema Kambare.

Nyamizi akangoja kidogo. Akainama zaidi.

"Shikamoo, babu yetu."

"Mmm!"

Nyamizi akamgeukia Kaa kwa sauti laini kabisa. "Mwenyekiti, samahani. Labda mimi ndiye nimekosea. Nilifundishwa kuwa anayesalimiwa huitikia. Siku hizi imebadilika?"

"Haijabadilika," akasema Kaa.

"Maana wadogo zangu wanatoka sasa hivi. Wakiona mtu mzima haitikii shikamoo, watajifunza nini?"

Konokono wakageuziana pembe. "Mtoto amesema kweli."

"Shikamoo haiitikiwi kwa mguno."

"Hata mimi ningesikia vibaya."

Kaa akakohoa. Amri ilikuwa yake, na amri zake alizipenda kama watoto wake. "Mzee, samahani. Mtoto amekusalimia mara mbili. Itikia tuendelee."

"Mm-mm!" Kambare akatikisa kichwa.

"Unakataa?"

"Mm-mm! Mmm! Mm!"

"Itikia!" akapiga kelele samaki mdogo.

"Itikia!" wakasema konokono.

"Itikia! Itikia! Itikia!" lambo zima.

Ndipo Kambare akashikwa na hasira, akasahau. Akapanua kinywa chake chote, akanguruma:

"MARAHABA!"

Ua la kwanza likatoka. La pili likatoka. Na nyuma ya maua ikatoka harufu. Si ya minyoo, si ya konokono. Ilikuwa ya Kabula na wote waliokwenda kwa shangazi.

Nusa, nusa.
Shuka, shuka.
Tuli!

Viluwiluwi wote walizama kwa mpigo, kama changarawe iliyomwagwa. Hakubaki ila mmoja. Na ndani ya mayai, vile vitoto vilivyokuwa vikipindapinda, navyo vikatulia. Havijazaliwa, havijamwona mtu, havijaambiwa neno baya juu ya yeyote. Tuli.

Kaa hakuwa na pua kama yao, lakini macho alikuwa nayo, tena juu ya vijiti. Akatazama nyasi tupu. Akatazama mayai yasiyotikisika. Akatazama maua ya yungiyungi yakielea.

"Mzee," akasema, na kwa mara ya kwanza alisema neno lililonyooka, "umekula nini?"

Kutulia kwa watoto kulikuwa kumekwisha jibu. Kambare akaona sherehe imeharibika na adabu haina faida tena, akageukia mayai, kinywa wazi.

Nyamizi hakuwa amezama. Kila kiungo cha mwili wake kilimwambia tuli, akakataa. Akapita mbele ya sharubu za Kambare na kuitikisa ile ncha nyeusi, pwata, pwata, pwata.

"Shikamoo, babu! Shikamoo tena! Shikamoo ya Kabula, hukuiitikia vizuri!"

Kambare akayaacha mayai. Akamfuata, swaa, swaa, swaa! Nyamizi akaelekea ukingoni, kwenye maji haba. Kambare akamfuata kwenye maji haba. Nyamizi akaingia kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, akaruka kutoka unyayo mmoja hadi mwingine. Kambare akajikokota kwa tumbo juu ya tope, kwani kambare anaweza hilo.

Hap!

Akaipata. Ncha nyeusi ya mkia ikabaki kinywani mwake. Mwenyewe akachopoka, akaanguka katika unyayo wa ng'ombe, akazama mpaka chini.

Mkia ulimwuma. Alitaka kupiga mateke, ila miguu hana. Alitaka kukimbia, ila hakuna njia. Sasa akauachia mwili wake ufanye ulichokuwa unakitaka tangu mwanzo.

Tuli.

Kambare akapapasa kwa sharubu. Hakuna kinachotikisika. Akampita kama anavyolipita jiwe. "Katangulia," akasema, "hawezi kuwa mbali." Akajikokota mbele, akapanda tuta, akajirusha kwa nguvu zake zote.

Upande wa pili wa tuta kulikuwa na shimo. Wafyatua matofali walichimba udongo hapo, wakaacha shimo refu lenye kuta zilizonyooka, na chini yake maji ya mvua.

Bwaaa!

Akapanda ukuta, akateleza. Akapanda tena, akateleza tena. Akazunguka, anatafuta kitu cha kula. Minyoo hakuna. Konokono hakuna. Kulikuwa na udongo, na Kambare.

Jioni ng'ombe wakaja kunywa, nyapu, nyapu, nyapu. Kwato zao zikauvunja ukingo wa ule unyayo, maji yakatiririka kurudi lamboni, na Nyamizi akatiririka nayo. Alipofika kwenye nyasi, mayai yalikuwa yamekwisha pasuka. Wadogo zake wakamzunguka, weusi, wepesi, wengi.

"Dada, mkia wako umekatika!"

"Ungekatika tu," akasema Nyamizi. "Nikiota miguu ningeuacha. Nimemwachia mapema."

Mtasema, bila shaka Kaa alimwomba radhi. Hapana. Kaa aliitisha kikao. Akagonga jiwe, ko! ko! ko! akasema yeye alimshuku Kambare siku nyingi, ila alikuwa anachunguza. Konokono wakapiga makofi. Kisha akampa Nyamizi onyo kali kwa kutoka kwenye sherehe bila kuaga. Makofi tena.

Nyamizi akanusa. Maji hayakuwa na harufu yoyote mbaya, ila ya Kaa kidogo. Akawachukua wadogo zake, akaondoka nao.

Siku zikaenda, akaota miguu ya nyuma, akaota ya mbele, mkia ukaisha, akawa chura mzima. Ndipo akaenda mpaka ukingo wa shimo la udongo, akakaa, maana sasa makalio alikuwa nayo.

"Shikamoo, babu!"

Kutoka chini, kwa njaa na mazoea, Kambare akapanda juu ya maji akapanua kinywa. "Marahaba."

Nyamizi akakitazama kinywa kile. "Hiyo ya kwanza ilikuwa yangu," akasema. "Bado ya Kabula. Bado za wengine. Utaitikia moja moja."

Ndiyo maana mpaka leo, mkipita penye kambare, mtamwona anapanda juu, anapanua kinywa, anashuka. Anapanda tena, anapanua kinywa, anashuka. Hakuna aliyemsalimia. Bado anaitikia za zamani.

Na funzo la hadithi hii, watoto wangu, ni hili: wasalimieni wakubwa wote, tena kwa adabu, wala msiwanuse. Mkubwa akiwaambia mwenzenu kaenda kwa shangazi, aminini. Na akijaza maua mashavuni, msimlazimishe kuzungumza.

Mmenielewa?

— Hapana!

Vizuri sana. Sasa kila mmoja ashike pua yake, ahakikishe bado ipo.

Maji yatibuke!
— Yametibuka!
Mwenye mkia?
— Aende nao!
Mwenye pua?
— Aitunze!